Kilomita 40 kwa Saa, Mawimbi ya Mita 2

Mkazi wa pwani ya Tanzania anaweza kulitamka tangazo hili bila kutazama karatasi. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa angalizo la upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, kwa mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Uwezekano wa kutokea: wastani. Kiwango cha athari: wastani. Athari zinazoweza kujitokeza: kuathirika kwa shughuli za uvuvi na usafiri baharini. Masika yakiingia maneno hubadilika kidogo, mvua kubwa inachukua nafasi ya upepo, na athari inakuwa baadhi ya makazi kuzungukwa na maji.

Tumelizoea hadi limekuwa mzaha. Kilomita 40 kwa saa ni mwendo wa bodaboda aliyebeba mama na mtoto, na mita 2 ni urefu wa mlango wa chumbani. Nani atishike? Kumbe karibu kila neno la tangazo hilo lina ugunduzi nyuma yake, na mwingine ni wa juzijuzi tu. Limeandikwa kwa lugha ya hesabu, nasi tunalisikiliza kama taarifa ya bei za vitunguu.

Tuanze na hizo mita 2, maana ndizo zinazodanganya zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Harald Sverdrup na mwanafunzi wake Walter Munk walipewa kazi huko California ya kutabiri mawimbi, ili majeshi yajue siku gani yanaweza kushusha askari ufukweni. Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba bahari haina wimbi la kipimo kimoja. Dogo hufuatwa na kubwa, makubwa mawili hupandana, kisha hutulia. Wakachukua kipimo kinacholingana na kile ambacho jicho la baharia mzoefu hukikadiria, yaani wastani wa theluthi moja ya mawimbi yaliyo makubwa zaidi. Mpaka leo, urefu wa mawimbi unaotajwa katika utabiri wa bahari kwa kawaida ndio huo. Ni wastani, na wastani una wakubwa wake. Katika kila mawimbi elfu moja, moja hukaribia maradufu ya kimo kilichotangazwa. Mawimbi yakipita kila baada ya sekunde saba, elfu moja hutimia kabla ya saa mbili kwisha. Kwa hiyo nahodha aliyeambiwa mita 2, akatoka alfajiri na kukaa majini mpaka saa tatu asubuhi, ategemee kukutana na wimbi la mita tatu na nusu hivi, na asijue litakuja saa ngapi.

Upepo nao una hila yake. Msukumo wake hauongezeki sambamba na kasi. Huongezeka kwa mraba wa kasi. Chukua ngalawa yenye tanga la mita za mraba 15. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unalisukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 28 hivi. Ukifika kilomita 40, mtu angetarajia kilo 56, lakini ni zaidi ya kilo 110. Ukifika 80, ni kama kilo 450, na hapo hakuna tena suala la ubingwa wa nahodha. Hesabu hiyohiyo inakaa juu ya bati la nyumba, isipokuwa kwamba bati huvutwa kwenda juu, kwa sababu hewa inayopita kwa kasi juu ya paa hupunguza mgandamizo upande wa nje huku hewa iliyotulia ndani ikisukuma. Ndiyo maana misumari ya bati hung'oka kwanza pembeni na kwenye pembe, ambako mvuto ni mkubwa kuliko katikati. Fundi anayebana misumari pembeni kwa sababu imebaki michache, namtilia shaka.

Juu ya upepo huu wa kila msimu kuna ule wa mara moja katika vizazi kadhaa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa mikarafuu mingi kiasi kwamba ukuu wa karafuu ukahamia Pemba, ambako dhoruba haikufika kwa nguvu ile. Miaka 80 baadaye, Aprili 1952, ikawa zamu ya Lindi. Kati ya tarehe hizo na baada yake, pwani yetu imesalimika sana kuliko Msumbiji na Madagaska, na sababu yake ni jiografia. Kimbunga kinahitaji maji ya bahari yenye joto la angalau nyuzi 26.5 hivi za Selsiasi, na hayo tunayo tele. Lakini kinahitaji pia mzunguko, nao hutokana na kuzunguka kwa dunia, athari ambayo Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliiwekea hesabu mwaka 1835. Athari hiyo ni sifuri kwenye ikweta na huongezeka kadiri unavyoiacha. Ndani ya nyuzi tano za latitudo ni dhaifu mno kuweza kuzungusha kimbunga. Mombasa iko nyuzi 4 kusini, Dar es Salaam karibu 7, Mafia karibu 8, Mtwara zaidi ya 10. Ukishuka kusini, kinga inapungua nyuzi kwa nyuzi.

Ndivyo ilivyotokea na Hidaya. Mapema Mei 2024 upepo wa kimbunga hicho, kikiwa bado baharini, ulizidi kilomita 130 kwa saa. TMA ilitoa taarifa mfululizo, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa, wavuvi wakaambiwa wavute vyombo juu. Kilipokaribia Mafia tarehe 4 kilikuwa kinapoteza nguvu, na usiku huo kikasambaratika. Asubuhi yake watu wengi wa Dar es Salaam waliamka, wakaona miembe imesimama, wakaulizana kimbunga kiko wapi. Kilikuwa Kilwa. Mvua yake ilikata barabara ya Kusini eneo la Somanga, na magari ya Lindi na Mtwara yakakwama siku kadhaa.

Hapo ndipo upepo na maji vinapoachana. Upepo hukupiga mahali ulipo, saa ileile unapovuma. Mafuriko ya mto hayana adabu hiyo. Yanaweza kukujia jua likiwa kali, kutoka kwenye mvua iliyonyesha kwa watu usiowajua.

Kwa vipimo vya TMA, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 50 limepokea lita 3,000, yaani simtanki tatu za lita elfu moja moja. Kilomita moja ya mraba imepokea lita milioni 50. Swali la mtaalamu wa maji ni maji hayo yanakwenda wapi na kwa muda gani. Ardhi kavu yenye miti hunywa sehemu kubwa. Ardhi iliyoshiba baada ya wiki tatu za mvua hainywi, na zege halijawahi kunywa. Kwa hiyo milimita 50 za mwanzo wa masika na milimita 50 za katikati yake ni mvua mbili tofauti, ingawa kipimo kinasoma namba moja.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakusanya maji ya mabati na lami ya jiji la Dar es Salaam, unapita Jangwani na kuingia baharini. Safari yote ni fupi, na kutoka mvua kunyesha hadi maji kujaa Jangwani ni saa chache tu. Mnamo 20 Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana tangu 1954, na watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa mto wa namna hii, aliyesubiri kuona maji yakipanda ameshachelewa. Msaada unatoka angani: rada ya hali ya hewa hutuma mawimbi ya redio, yakagonga matone na kurudi, na kwa mwangwi huo mtaalamu anaona wingu lina maji kiasi gani na linaelekea wapi kabla halijamwaga.

Rufiji ni habari nyingine kabisa. Bonde lake lina ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi, na mto Kilombero peke yake huchangia takriban asilimia 62 ya maji. Mvua ya nyanda za juu inapopiga, mkazi wa Utete au Ikwiriri ana siku kadhaa kabla maji yake hayajamfikia. Hapa kazi kubwa hufanywa na kifaa kinachoonekana duni: rula ndefu iliyosimikwa ukingoni, yenye namba za kina. Wataalamu hupima kasi ya maji katika vina mbalimbali kwa misimu mingi, kisha wanachora mkunjo unaounganisha kina na kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde. Mkunjo ukishapatikana, mtu mmoja anayesoma namba kwenye rula kila asubuhi anatosha kuwaambia walio chini ya mto kinachokuja. Mafuriko makubwa yakihamisha mchanga wa sakafu ya mto, mkunjo unaharibika na kazi inaanza upya. Ni sayansi ya uvumilivu, isiyopigwa picha, na vituo vikifa kwa kukosa wasomaji hakuna setilaiti inayoziba pengo lote.

Warufiji wenyewe walikuwa na elimu yao kabla ya rula. Walijenga madungu, vibanda juu ya nguzo ndefu, wakalinda mazao na kulala humo maji yalipotanda. Na maji yalipoondoka walilima mlau kwenye tope lenye rutuba. Mafuriko ya kawaida yalikuwa mbolea. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko mabaya, serikali iliwahamisha wengi kwenda maeneo ya juu katika Operesheni Rufiji. Bonde liliwavuta tena wengi wao, kwa sababu huko juu hakuna mlau. Anayewalaumu watu wa bondeni kwa ukaidi ajiulize kwanza wanakula nini.

Siku hizi kuna mkono mwingine juu ya mto, Bwawa la Julius Nyerere. Aprili 2024 vijiji vya Rufiji na Kibiti, Muhoro ikiwemo, vilizama. Baadhi ya wakazi walilaumu maji yaliyofunguliwa bwawani. Serikali ikasema bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Sitaamua kesi hiyo hapa. Ninachojua ni kwamba mto wenye bwawa hautabiriki kwa mvua pekee. Anayeendesha milango amekuwa sehemu ya hali ya hewa, na taarifa yake inapaswa kufika kijijini kwa uzito uleule wa taarifa ya mvua, tena mapema. Wakazi wa Garissa na Tana River huko Kenya, walio chini ya mabwawa ya mto Tana wanalifahamu jambo hili kwa miaka mingi.

Sasa ule mstari tunaoupita haraka: uwezekano wa kutokea, wastani. Wengi wanausoma kama njia ya mtabiri kujikinga, ikinyesha amepata, isiponyesha hajakosa. Asili yake ni mwaka 1961, pale Edward Lorenz, mwanasayansi wa chuo cha MIT huko Marekani, alipotaka kurudia hesabu ya hali ya hewa kwenye kompyuta yake. Badala ya kuingiza 0.506127 aliingiza 0.506, kwa kuwa tofauti ilikuwa ndogo mno. Matokeo yalianza kufanana na yale ya awali, kisha yakaachana kabisa. Mwaka 1963 alichapisha alichokiona: anga ni ya namna ambayo kosa dogo la mwanzo hukua hadi kuutawala utabiri wote. Hakuna kompyuta itakayoliondoa hilo, kwa sababu hakuna mtu atakayepima joto na unyevu wa kila kona ya bahari.

Jibu lilichukua miaka 30. Mwaka 1992 vituo vikubwa vya hali ya hewa, kikiwemo cha nchi za Ulaya chenye makao Reading, Uingereza, vilianza kuendesha utabiri mara nyingi kwa pamoja, kila mmoja ukianzia kwenye hali iliyotofautiana kidogo na mwenzake. Leo kituo hicho hutumia tabiri 51. Kama 40 kati ya hizo zinaleta mvua kubwa Lindi, uwezekano ni mkubwa. Zikiwa 5, ni mdogo, lakini haupuuzwi kama hizo 5 ni za maafa. Neno "wastani" katika tangazo linatoka kwenye hesabu za namna hii pamoja na uamuzi wa mtaalamu anayeijua nchi. Ni mtu anayekuambia kwa uaminifu kiasi cha asichokijua.

Ugunduzi wa mwisho haukuhusu anga kabisa. Taasisi za hali ya hewa ziliona kwamba zinatabiri vizuri na watu bado wanakufa, kwa kuwa milimita na kilomita hazimwambii mtu afanye nini. Mwaka 2015 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitoa mwongozo wa kutabiri athari, na ndiyo maana tangazo letu lina ule mstari wa tatu. Milimita 60 juu ya shamba la mpunga Kilombero ni baraka. Juu ya Jangwani ni msiba. Rangi ya tangazo hupatikana kwa kukutanisha mambo mawili, uwezekano na ukubwa wa athari. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Ila hapa pana mtego: njano inaweza kuwa jambo dogo lenye uhakika, na inaweza pia kuwa jambo kubwa lenye uwezekano mdogo. Kwa mwenye mashua hizo ni njano mbili zisizofanana hata kidogo. Usiishie kwenye rangi. Soma mistari miwili iliyo chini yake.

Hapa ndipo lawama ya "walitudanganya" inapokosa mguu. Tuseme uwezekano wa maji kuingia nyumbani kwako umetajwa mara kumi kuwa asilimia 30. Kama utabiri ni sahihi, mara saba hutaona kitu. Utabiri uliokuacha mkavu mara saba kati ya kumi haukukosea hata mara moja. Umefanya kazi yake barabara. Kinachobaki ni hesabu yako. Mvuvi anayelala nyumbani siku moja anapoteza mapato ya siku moja. Akitoka na chombo kikapinduka, amepoteza chombo, nyavu, pengine na vijana wanne. Kwake asilimia 10 inatosha kumfanya abaki. Mwenye duka la ghorofani anaweza kungoja asilimia 80. Tangazo moja, maamuzi tofauti, na wote wana akili timamu. Sharti ni kwamba yule mvuvi awe na cha kula siku atakayobaki, na hilo halimo katika uwezo wa mtabiri yeyote.

Viongozi nao huteleza kwenye uwezekano. Oktoba 2023, baada ya wiki kadhaa za kuonywa kuhusu El Niño, Rais William Ruto aliwatangazia Wakenya kwamba wataalamu wamebadilisha utabiri na mvua haitafikia kiwango cha maafa kilichohofiwa. Mwaka huo, pamoja na El Niño, maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalikuwa ya moto kuliko ya mashariki, hali ambayo N. H. Saji, Toshio Yamagata na wenzao waliieleza mwaka 1999 na ambayo huleta mvua nyingi Afrika Mashariki. Novemba mafuriko yakaua zaidi ya watu mia moja nchini Kenya. Uwezekano uliopungua ulikuwa umetangazwa kama hatari iliyoondoka.

Lakini hata tahadhari iliyo sahihi hufia njiani. Bangladesh walilipa ada ya somo hilo mwaka 1970, kimbunga kilipoua zaidi ya watu 300,000. Baadaye walijenga mahali pa kukimbilia na kuunda jeshi la watu wa kujitolea, wenye bendera na vipaza sauti, katika vijiji vya pwani. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipofika, watu zaidi ya milioni mbili walikuwa wameshahamishwa, na waliokufa huko Bangladesh hawakufika mia moja.

Kwetu mfano unaonisumbua ni Mai Mahiu, Kenya. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli, njia yake ikiwa imeziba, yalilivunja tuta na kuwazoa watu waliolala. Makumi ya watu walikufa. Mvua kubwa ilikuwa imetangazwa nchi nzima kwa majuma. Lakini hakuna kompyuta, Nairobi wala Ulaya, iliyojua kwamba njia ile ya maji imeziba. Mambo kama hayo hujulikana na wapita njia, watoto wanaokwenda shule, na mama mwenye kibanda cha mboga hapo jirani.

Basi msomaji, tangazo lijalo likitoka lisome hadi mwisho, umsomee na jirani asiye na simu. Na kama karibu na kwako kuna kalvati lililojaa chupa na mchanga, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wiki hii, kabla ya masika, ukamwonyeshe kwa kidole.